Nyangumi Aliyeondoka na Maji

Kifaru maarufu kuliko wote katika sanaa ya Ulaya alichorwa na mtu ambaye hakuwahi kumwona kifaru. Tarehe 20 Mei 1515 merikebu ya Wareno ilitia nanga Lisbon ikiwa na mnyama ambaye Sultani Muzaffar wa Pili wa Gujarat, huko India, alikuwa amewapa Wareno kama zawadi, nao wakamsafirisha kwa kuzunguka bara la Afrika hadi kwa mfalme wao Manuel. Habari zake zilifika Nuremberg, Ujerumani, kwa barua na mchoro wa harakaharaka. Albrecht Dürer, mchoraji wa mji huo, akamchora mnyama huyo kutokana na maelezo hayo; mchoro ukachongwa kwenye ubao, ukachapwa, na nakala zake zikauzwa kwa maelfu.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataona kasoro mara moja. Ngozi imegeuka deraya, mabamba yake yameungana kana kwamba yamepigiliwa misumari. Miguu ina magamba. Na juu ya mabega, mahali ambapo kifaru yeyote hana kitu, imechomoza pembe ndogo iliyosokotwa. Ni kweli kifaru wa India ana mikunjo mikubwa ya ngozi inayokaribia kufanana na vazi la vita, lakini pembe yake ni moja tu, nayo iko puani. Hata hivyo picha hiyo ilinakiliwa kitabu hadi kitabu kwa zaidi ya karne mbili. Ilibidi kifaru hai aliyepewa jina la Clara ashushwe Uholanzi mwaka 1741 na kuzungushwa miji ya Ulaya, na Jean-Baptiste Oudry amchore kwa ukubwa wake halisi mwaka 1749 alipofikishwa Paris, ndipo pembe ile ya begani ikaanza kupoteza nguvu.

Naanza na kifaru kwa sababu anapinga kauli inayosemwa kwa wepesi mno, kwamba kusafiri humfungua msanii macho. Huyu hapa msanii aliyekaa kwake, akatumia maneno ya watu wengine, akazalisha picha iliyowashinda walioshuhudia. Kama ustadi wa mkono na nguvu ya kubuni vinatosha kiasi hicho, safari inaongeza nini? Jibu ninaloliamini linapatikana katika maisha ya Dürer mwenyewe, kwa kuwa miaka mitano baada ya kifaru alifunga mizigo akaenda, akakaa njiani na ugenini kwa muda wa mwaka mmoja, na tunazo hesabu za karibu kila alichofanya.

Aliondoka Nuremberg tarehe 12 Julai 1520 akiwa na umri wa miaka 49, pamoja na mkewe Agnes na mtumishi wao Susanna. Hakufuata mandhari. Alifuata fedha. Kaizari Maximilian alikuwa amempangia malipo ya gulden 100 kila mwaka, naye Maximilian akafariki Januari 1519. Baraza la mji wa Nuremberg likagoma kuendelea kulipa mpaka mrithi wake, kijana Charles wa Tano, athibitishe. Charles alitarajiwa kutawazwa mjini Aachen mwezi Oktoba 1520. Kwa hiyo Dürer alikwenda kumfuata mfalme kama anavyofanya mtu yeyote mwenye karatasi inayohitaji saini, na uthibitisho aliupata Köln mwezi Novemba. Angeweza kurudi nyumbani mwezi huohuo. Hakurudi mpaka kiangazi cha mwaka 1521, na katika hiyo miezi ya ziada ndimo yanamopatikana mengi ya mambo ninayotaka kuyaeleza.

Tutazame kwanza mwendo wenyewe. Kutoka Nuremberg walipita Forchheim hadi Bamberg, kisha wakashuka kwa mashua kwenye Mto Main mpaka Frankfurt na Mainz, wakaingia Mto Rhine hadi Köln, na kutoka hapo wakashika njia ya nchi kavu kwenda Antwerp, katika Ubelgiji ya leo. Walifika mwanzoni mwa Agosti, kiasi cha wiki tatu tangu waondoke. Ucheleweshaji haukutokana na maji wala farasi peke yake. Kingo za mito ile zilimilikiwa na maaskofu, watawala wadogo na miji mbalimbali, na kila mwenye eneo aliweka kituo cha ushuru. Askofu wa Bamberg, aliyezawadiwa picha ya Bikira Maria na michoro ya kuchapwa, alimpa Dürer barua ya kumsamehe ushuru, na shajara inaonyesha akiitoa mfukoni kituo baada ya kituo, zaidi ya mara ishirini. Kwingine walimpungia mkono apite. Kwingine waliikataa barua wakamdai.

Safari ya namna hii ina kasi ya mto na ya forodha. Huwezi kuikimbiza. Mtu anakaa kwenye ubao wa mashua akiangalia ukingo uleule kwa saa nzima huku ofisa anasoma barua, na hana la kufanya isipokuwa kuangalia. Manahodha wa pwani yetu waliongoja kusi ianze kuvuma ili majahazi yarudi Uarabuni waliijua hali hiyo: bandari uliyolazimika kukaa miezi utaijua kwa namna ambayo bandari uliyoipita usiku hutaijua kamwe.

Nimetaja shajara. Maandishi ya mkono wa Dürer mwenyewe yamepotea, lakini nakala zilizoandikwa baadaye zimebaki, na anayezifungua akitarajia tafakuri za msanii atashangaa. Ni daftari la matumizi. Divai kiasi hiki, mjumbe kiasi hiki, kinyozi, bafu, dawa, zawadi kwa mtumishi wa fulani, fedha zilizopotea kwenye kamari. Kwa wenyeji wake analipa kwa michoro iliyochapwa, na anaorodhesha nani kapewa karatasi ipi, maana zile karatasi zilikuwa sawa na sarafu. Anachora sura za watu kwa mkaa, wengine wanamlipa gulden moja, wengine hawamlipi kitu, naye anaandika yote mawili. Akifika Antwerp anaweka hata mpango wa mlo: yeye atakula na mwenyeji wao, Jobst Planckfelt, na mkewe na Susanna wapike na kula juu.

Wachambuzi wengine wamesikitishwa na ukavu huo. Mimi naona ndani yake kuna mazoezi ya jicho. Anayeandika kila kitu kilichopita mkononi mwake siku ile, cha shaba na cha dhahabu, analazimika kukitambua kila kimoja kwa jina lake kabla ya kukipima thamani. Hachagui kwanza lipi ni kubwa. Mwezi Agosti, Jumapili baada ya sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, maandamano ya mji wa Antwerp yalipita mbele ya nyumba kwa zaidi ya saa mbili, na Dürer anayaeleza kundi kwa kundi: mafundi wa kila ufundi kwa mavazi yao, wapiga tarumbeta, makasisi, wajane. Aliyatazama kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Ustahimilivu wa namna hiyo haumjii mtu kwa sababu tu ana kipaji.

Kitu cha pili alichobeba kilikuwa kijitabu cha karatasi zilizolazwa kwa upana, kila ukurasa ukikaribia ukubwa wa kiganja kilichokunjuliwa vizuri, pamoja na kalamu ya fedha. Inafaa nikae kidogo kwenye kalamu hii, kwa kuwa haieleweki vizuri na watu wanaoijua penseli tu. Ni kijiti chenye ncha ya fedha halisi. Fedha haiachi alama kwenye karatasi tupu, kwa hiyo karatasi hupakwa kwanza mchanganyiko wa unga wa mifupa iliyochomwa na gundi, nao ukikauka unakuwa na ukwaruzo mwepesi. Ncha ikipita juu yake huacha chembe nyembamba za fedha. Mwanzoni mstari ni wa kijivu; hewa huubadilisha taratibu ukawa wa kahawia. Ukiikandamiza kalamu kwa nguvu hupati weusi, unachana upako. Anayetaka kivuli lazima arudie mistari midogo mmoja kando ya mwingine mpaka kivuli kijikusanye chenyewe. Na mstari ukishawekwa umewekwa. Hakuna cha kuufuta.

Dürer aliijua kalamu hiyo tangu utotoni. Baba yake alikuwa sonara, na mchoro wake wa kwanza tunaoujua, picha yake mwenyewe ya mwaka 1484 akiwa na miaka 13, ni wa kalamu ya fedha. Kurudi kwake kwenye kalamu ileile ukubwani, akiwa tayari bingwa wa kuchora kwa wino na wa kuchonga shaba, lazima kuwe na maana. Kwa upande mmoja ni suala la urahisi: haihitaji wino, haimwagiki mashuani. Lakini pia inamlazimisha mchoraji kutazama kwanza na kuamua kabla mkono haujagusa. Mkono unaochora kwa wino mezani unaweza kukimbia mbele ya jicho ukajaza yale unayoyakumbuka na unayoyadhani, kama ulivyojaza pembe begani. Kalamu ya fedha haikuzuii kukosea, ila inakufanya uende polepole kiasi cha kutambua ni wapi hasa kuona kumekoma na kudhani kumeanza.

Kurasa za kijitabu kile leo zimetawanyika katika makumbusho mbalimbali. Jambo moja ndani yake hunivutia kila mara: vitu visivyohusiana vimewekwa kwenye ukurasa mmoja. Binti wa Köln aliyefunga kichwa kwa mtindo wa mji wake yuko bega kwa bega na Agnes, aliyechorwa mahali pengine kabisa, mashuani kwenye Rhine karibu na Boppard, naye Dürer akaandika pembeni kwamba huyo ni mkewe na hapo ni Rhine. Hakufungua ukurasa mpya kwa heshima ya jambo jipya. Nafasi iliyobaki ilitumika. Kila siku ilipewa karatasi iliyokuwepo, na matokeo yake sisi tunaona maisha ya njiani jinsi yanavyojipanga yenyewe.

Sasa nije kwa simba, kwa sababu simba ndiye kipimo chepesi zaidi cha nilichosema. Dürer aliwachora simba tangu ujana. Yuko mmoja wa mwaka 1494, wa rangi na dhahabu juu ya ngozi laini, aliye katika jumba la makumbusho la Hamburg. Ni simba mzuri mwenye nywele za mawimbi na uso wa mzee mwenye wasiwasi, na asili yake inadhaniwa kuwa simba wa Mtakatifu Marko, nembo ya Venice, aliyechongwa na kuchorwa kila mahali katika mji ule. Katika mchoro wake maarufu wa mwaka 1514, Mtakatifu Jerome chumbani mwake, simba analala kizingitini kama paka aliyeshiba. Kwa maneno mengine, kwa miaka ishirini na zaidi Dürer alikuwa akiwachora simba wa watu wengine.

Tarehe 10 Aprili 1521, akiwa Ghent, alionyeshwa simba hai waliofugwa pale, akamchora mmoja kwa kalamu ya fedha. Tofauti haiko kwenye uzuri. Ya 1494 pengine inapendeza zaidi ukutani. Tofauti iko kwenye uzito. Simba wa Ghent amejilaza na mwili wake unaelemea chini. Taya ni nzito, macho ni madogo kuliko yanavyokuwa kwenye nembo, na uso hauna huzuni ya kibinadamu wala ujasiri wa kifalme. Ni mnyama asiyejali kama anatazamwa. Dürer alikuwa karibu kutimiza miaka 50 na alikuwa na jina kubwa kuliko mchoraji yeyote kaskazini mwa milima ya Alps, lakini alikubali kujifunza upya umbo ambalo mkono wake ulikwisha kulikariri. Huko ndiko kufunguka macho ninakokuzungumzia. Kujua jambo geni ni rahisi kwa kuwa hakuna kinachopinga. Kazi iko kwenye kuliondoa machoni lile unaloamini umelijua.

Lakini safari ya taratibu ina gharama yake, nayo ni kuchelewa. Mwishoni mwa mwaka 1520 zilifika Antwerp habari kwamba nyangumi mkubwa mno amekwama ufukweni Zeeland, katika visiwa vya Uholanzi ya leo, na watu wa huko hawajui watamwondoaje. Dürer akaondoka tarehe 3 Desemba, katikati ya baridi, ili akamwone. Bila shaka alitaka kumchora. Fikiria angetuachia nini, mtu yule na nyangumi mzima mbele yake.

Njiani kidogo afe. Chombo chao kilipofika Arnemuiden na abiria wakawa wanashuka, merikebu kubwa iliwagonga, kamba ikakatika, na upepo mkali ukakisukuma chombo kurudi baharini. Waliobaki ndani walikuwa wachache: nahodha, Dürer na mwenzake mmoja, vikongwe wawili na mtoto mdogo. Mabaharia wote walikuwa wameshashuka. Nahodha alitaharuki, na ni Dürer aliyemwambia ajikaze na kumuuliza nini kifanyike. Wakasaidiana kupandisha tanga dogo nusu mlingoti, wakajikokota mpaka nchi kavu. Shajara inalieleza tukio hili kwa utulivu uleule wa bei za divai.

Alipofika mahali pa nyangumi, maji yalikuwa yameshajaa na kumchukua. Hakuona kitu. Tena inaelekea alirudi na zawadi mbaya. Aprili iliyofuata aliandika kwamba ameshikwa na homa kali, udhaifu, kichefuchefu na maumivu ya kichwa, na kwamba tangu Zeeland ana ugonjwa wa ajabu ambao hajapata kuusikia kwa mtu. Wengi waliochunguza maneno yake wanadhani ilikuwa malaria, iliyokuwepo kwenye mabwawa ya pwani ile. Hakupona sawasawa hadi alipofariki mwaka 1528.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia kuhusu nyangumi huyu. La kwanza, Dürer hakumchora. Mwaka 1515 alipewa maneno ya watu kuhusu kifaru akatengeneza kifaru; mwaka 1520 bila shaka aliweza kupata maneno ya watu wa Zeeland, waliomwona nyangumi kwa siku nyingi, na soko la picha kama hiyo lilikuwepo. Hakuna chapa ya nyangumi ya Dürer. Sitaki kumwekea maneno mdomoni, pengine ni ugonjwa tu au shughuli. La pili lina ushahidi zaidi: mwaka 1521 alimchora kichwa mnyama mwingine wa bahari ya baridi, yule mkubwa kuliko sili, mwenye sharubu ngumu na meno mawili marefu yanayoshuka kama pembe za ndovu, aliyenaswa kwenye bahari ya nchi ile. Mchoro uko katika Makumbusho ya Uingereza, London. Macho mekundu, ngozi iliyokunjamana mdomoni, kila unywele wa sharubu na shina lake. Pamoja na maandishi yanayotaja urefu wa mnyama, amechora kichwa peke yake. Mwili mzima hakuubuni.

Lakini si kila kitu alikikosa. Mjini Brussels, mwezi Agosti 1520, alikuwa ameona hazina ambazo Hernán Cortés alituma kutoka Mexico: jua la dhahabu tupu lenye upana wa pima nzima, mwezi wa fedha wa ukubwa huohuo, silaha, ngao, mavazi ya ajabu. Aliandika kwamba thamani yake inakadiriwa gulden laki moja, kisha akasema kwa maneno ya wazi kabisa kwamba maishani mwake hajaona kitu kilichoufurahisha moyo wake kiasi hicho, na akastaajabia akili za watu wa nchi za mbali. Mtoto wa sonara alijua anachokisema. Sehemu kubwa ya dhahabu ya Mexico iliyofika Ulaya iliyeyushwa kuwa vipande na sarafu. Dürer ni mmoja wa watu wachache wa Ulaya wa siku zile waliotuachia ushuhuda kwamba pale palikuwa na kazi za mikono za kiwango cha juu, na si madini tu.

Kwa hesabu za kawaida safari ilikuwa ya hasara, naye alilalamika hivyo. Margaret wa Austria, mtawala wa nchi zile kwa niaba ya Charles, alipokea michoro mingi bila kumpa kitu, na alipoonyeshwa picha ya baba yake Maximilian iliyochorwa na Dürer hakuipenda hata kidogo. Dürer akairudisha, baadaye akaibadilisha kwa kitambaa cha Kiingereza. Hayo yamebaki shajarani pamoja na kila deni.

Matunda yalikuwa kwingine. Antwerp alimkuta mzee wa miaka 93, akaandika juu ya karatasi kwamba mzee bado ni mzima na mwenye nguvu, akamchora kwa brashi kwenye karatasi iliyopakwa rangi ya zambarau iliyofifia: mkono kwenye shavu, ndevu zinazoshuka kwa vijito, kope zilizolegea. Mzee huyo akawa Mtakatifu Jerome katika picha ya mafuta ya mwaka 1521, iliyoko Lisbon, ambayo Dürer alimpa Rodrigo Fernandes de Almada, mmoja wa Wareno wa Antwerp. Ukiziweka pamoja utaona jinsi mtu wa njiani alivyoingia ndani ya mtakatifu. Jerome huyu hana jengo nyuma yake wala simba. Kinachotawala ni uso wa mzee, kitabu, na kidole kinachoelekeza fuvu. Nadhani bila ile karatasi ya zambarau picha isingethubutu kuwa tupu kiasi hicho.

Wareno hao ndio waliompokea Dürer kwa ukarimu kuliko wengi. Walikuwa na kituo chao cha biashara Antwerp, kilichopokea viungo, sukari, pembe za ndovu na bidhaa za India na Afrika, na shajara inataja zawadi zao, zikiwemo kasuku na nazi. Na walikuwa na watu. João Brandão, wakala wa mfalme wa Ureno, alikuwa na mwanamke Mwafrika nyumbani kwake. Mwaka 1521 Dürer alimchora kwa kalamu ya fedha, akaandika juu ya karatasi jina lake, Katharina, na umri wake, miaka 20. Mchoro uko katika jumba la Uffizi, Florence.

Kichwa chake kimefungwa kitambaa kinachoficha nywele zote, kikiwa na pambo dogo mbele. Nguo imefungwa hadi shingoni. Macho yameinama na kuangalia pembeni, hayakutani na ya mchoraji. Mistari imelazwa taratibu juu ya shavu na kuzunguka midomo mpaka uso umekuwa na uzito wa uso, wa mtu huyu mmoja. Michoro ya Waafrika haikuwa migeni Ulaya. Mmoja wa wale Mamajusi watatu alikuwa akichorwa mweusi kwa miongo mingi, Dürer mwenyewe akiwemo kati ya waliofanya hivyo. Lakini yule mfalme mweusi ni kama simba wa Venice, ni sura iliyorithiwa. Katharina si wa kurithiwa.

Na hapa kuna jambo linalonikera, sitaki kulifunika. Katika maandishi yake kuhusu vipimo vya mwili, kazi aliyoihangaikia miaka mingi na ambayo ilichapishwa mwaka 1528 baada ya kifo chake, Dürer anaandika kwamba nyuso za watu weusi ni nadra kuwa nzuri, kwa sababu ya pua na midomo. Papo hapo anaongeza kwamba amewaona wengine miongoni mwao wenye miili iliyoumbika kiasi kwamba hajawahi kuona iliyo bora zaidi wala hawezi kuiwaza. Sentensi ya kwanza ni ya zama zake, aliipokea kama alivyopokea pembe ya begani. Ya pili ni ya mtu aliyekaa akatazama. Zimewekwa pamoja, naye hakuona kwamba zinagombana. Karatasi ya Katharina iko moja kwa moja upande wa ile sentensi ya pili: hakuna kitu katika uso ule kilichochorwa kwa dharau au kwa kusahihishwa ili ufanane na kipimo.

Zaidi ya hapo safari haikumfikisha. Dürer alikwenda Antwerp kwa hiari yake, akaondoka alipotaka, na alilalamikia ushuru. Katharina pengine alikuwa mali ya nyumba ya mtu. Shajara inamtaja kama mwanamke mweusi wa Brandão, katika mstari mmoja wa kazi za siku, na haiulizi alitoka wapi wala alifikaje. Mwaka mzima wa kutazama kwa subira ulimpa Dürer uwezo wa kumwona mtu aliyekaa mbele yake. Haukumpa swali la kumuuliza mwenye nyumba. Hata hivyo aliandika jina na umri, jambo ambalo wachoraji wengi wa wakati ule hawakulifanya walipomchora mtumwa au mtumishi, na kwa sababu hiyo wanahistoria leo wanaihesabu karatasi ile miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za Ulaya za mwanamke Mwafrika anayejulikana kwa jina.